Namba ya Hitilafu Haikwambii Ununue Nini

Taa ya manjano ya ABS ikiwaka kwenye lori la zamani, madereva wengi wana jibu moja: hiyo iache, gari linatembea. Fundi naye ana lake. Anachomeka mashine, anasoma "sensa ya gurudumu", kisha anamtuma kijana dukani akalete sensa mpya. Sensa inafungwa, taa inazima siku mbili, inarudi, na mwenye gari anaambiwa ameuziwa feki. Mara nyingi sensa ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Chukua mfano wa Freightliner zilizotumika Marekani, ambazo ziko nyingi kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Kule sheria ilitaka vichwa vya kuvuta tela vyenye breki za upepo, vilivyoundwa kuanzia Machi 1, 1997, viwe na ABS. Matela yakafuata mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo hata gari lililochakaa lina kompyuta ya breki inayoweza kueleza linaumwa wapi. Kazi ni kuielewa.

Anza na rangi, kwa sababu taa nyekundu haina mjadala. Inayokuja na mlio wa onyo inasema upepo umeshuka, na kwa viwango vya Marekani lazima iwe imeshawaka shinikizo linapofika psi 60. Hapo unatafuta pa kuegesha palipo salama, tena mara moja, maana upepo ukizidi kushuka breki za springi zitajikamata zenyewe, mahali usipopachagua. Ya manjano ni habari nyingine. Breki za kawaida bado zipo. Kilichoondoka ni ule uwezo wa kuzuia magurudumu yasigande unapokanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji. Unaweza kumaliza safari kwa uangalifu, lakini usianze nyingine.

Sasa namba. Kompyuta nyingi za breki hutoa namba mbili: moja inataja sehemu, nyingine inataja aina ya tatizo. Ukisoma 789 na 5, maana yake ni njia ya sensa ya gurudumu la kushoto, ekseli ya kwanza, na kwamba umeme umekatika mahali fulani katika njia hiyo. Mahali hapo panaweza kuwa sensa yenyewe, waya uliosuguliwa na fremu, au plagi iliyoingia kutu ya kijani. Namba haikuchagulii. Na kushoto ni kushoto kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Nalisema hili kwa sababu vitabu vingine vya Kimarekani huita upande wa kulia "upande wa ukingo wa barabara", na kwetu ukingo uko kushoto. Fundi asiyejua hilo atafungua gurudumu zima lisilo na kosa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chomoa plagi ya sensa, weka mita kwenye oms. Sensa nyingi za WABCO za zamani husoma kati ya 900 na 2,000. Ikisoma vizuri hapo lakini haisomi ukipimia kwenye plagi ya kompyuta, umeshajua kosa liko kwenye waya. Ikiwa oms ziko sawa, inua gurudumu, hamishia mita kwenye volti za AC, mwambie msaidizi alizungushe taratibu, nusu mzunguko kwa sekunde. Unataka angalau volti 0.2. Isipofika, sensa imesogea mbali na ringi ya meno. Sensa hizi hazifungwi kwa bolti. Zinashikwa na klipu yenye mkazo wa springi. Isukume kwa kidole mpaka iguse ringi, gurudumu likizunguka litajipangia nafasi lenyewe. Usiigonge kwa nyundo. Na ikirudi nyuma tena baada ya wiki, acha kuilaumu: shika tairi, litikise juu na chini. Bearingi iliyolegea huichezesha habu, na habu inayocheza huisukuma sensa kila siku.

Zikija namba nne au tano kwa mpigo, tafuta kitu kinachozihusu zote: fyuzi, waya wa ardhi, betri iliyochoka. Kumbuka pia kwamba hizi Freightliner ni za volti 12, si 24 kama Scania. Kipimo kingine ni cha masikio. Kanyaga breki kidogo, washa swichi bila injini, sikiliza valvu zikipumua moja baada ya nyingine. Isiyopumua ndiyo ya kufuatilia.

Ukishatengeneza, usishtuke taa ikibaki inawaka uwanjani. Kompyuta nyingi za aina hii hungoja gari litembee zaidi ya kilomita 6 hivi kwa saa ndipo zikubali kwamba sensa imepona.

Lipo jambo ambalo hakuna taa inayolisema. ABS haijui lainingi zimeisha, haijui ajasta zimelegea, haijui dramu zimeungua. Gari linaweza kushuka mteremko wa Kitonga dashibodi ikiwa haina taa hata moja na breki zikawa nusu. Hayo yanakaguliwa kwa macho na kwa mkono, chini ya gari.

Na ukienda kununua lori la mkononi, washa swichi utazame dashibodi kabla hujaomba injini iwashwe. Taa ya ABS inatakiwa iwake, hata kwa sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa balbu. Muulize muuzaji kwa nini kabla hujatoa pesa.