Ukishanyoa Ndevu, Unajipaka Nini?

Wembe haukati ndevu peke yake. Wembe hukwangua pia ngozi ya juu. Huondoa mafuta ambayo ngozi hujitengenezea yenyewe. Huacha pia mikato midogo sana ambayo jicho halioni. Kwa hiyo uso ulionyolewa sasa hivi ni uso wenye majeraha. Kitu chochote unachopaka hapo huingia kwa urahisi kuliko siku nyingine. Leo tutajifunza ni vitu gani vinafaa kupakwa baada ya kunyoa, na ni vitu gani vinaumiza.

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi wakajifunza juu ya malaria, kuhara, vyoo na maji safi. Habari za ndevu hazikuwamo, na hiyo ni haki. Malaria inaua, vipele vya ndevu haviui. Lakini kuna watu wanaotumia fedha nyingi kununua kitu ambacho ndicho kinachowaharibu uso. Tena fedha hiyo ingenunua sabuni ya nyumba nzima.

SPIRITI YA KINYOZI

Ingia katika vibanda vya vinyozi, tuseme pale Kilombero mjini Arusha, au Ngaramtoni, au Tengeru siku ya soko. Katika vibanda vingi utaona chupa ya spiriti. Kinyozi akimaliza kazi yake humimina spiriti kwenye pamba, akapaka shavuni na kisogoni. Mteja hukunja uso. Kinyozi humwambia: "Vumilia kidogo mzee, inaua vijidudu." Mzee huvumilia, maana wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba dawa isiyouma si dawa.

Ni kweli spiriti huua vijidudu vingi. Lakini angalia jinsi nesi anavyoitumia zahanati. Yeye huipaka kabla ya kuchoma sindano, wakati ngozi bado ni nzima. Haimimini ndani ya kidonda. Spiriti haichagui. Ikiingia kwenye mkato huumiza vijidudu na huumiza nyama hai pia. Halafu hukauka upesi na kuondoka na maji na mafuta ya ngozi. Kesho yake uso unakaza, unawasha, unatoa magamba meupe. Mwenye uso hudhani ana ugonjwa, kumbe ni spiriti.

Zile chupa nzuri za dukani za kupaka baada ya kunyoa, nyingi ni ndugu wa spiriti ile ile. Zimeongezwa manukato na rangi. Bei ni kubwa, lakini kitu kinachouma ndani yake ni kile kile.

Hapa kuna jambo zito kuliko vipele. Watu wengine huamini kwamba wembe uliotumiwa na mtu mwingine si hatari, mradi mwisho utapakwa spiriti. Hiyo si kweli. Virusi vya UKIMWI na virusi vya homa ya ini hukaa katika damu. Vikishaingia kwenye mkato, spiriti inayopakwa juu haiwezi kuvitoa. Mwambie kinyozi afungue wembe mpya mbele ya macho yako, au nenda na wembe wako. Ukikatwa na wembe wenye damu ya mtu mwingine, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zipo, lakini ni lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa unayochelewa ni hasara.

HALI YA HEWA YA KWETU

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566. Mlima huu hugawa mvua, na haugawi sawasawa. Upande wa kusini, kule kwenye migomba na kahawa, mvua ni nyingi. Upande wa kaskazini na magharibi, kama Oldonyo Sambu, nchi ni kavu na upepo una vumbi. Tena kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za Arusha ni baridi sana. Baridi na upepo mkavu hunyonya maji ya ngozi. Mchungaji anayetoka alfajiri akiwa amenyoa na kupaka spiriti ameukausha uso wake mara mbili. Mtu wa Tanga au wa Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu, anaweza kutumia chupa ile ile asione shida kubwa. Kwa hiyo usichague kitu kwa sababu shemeji yako wa pwani anakisifu.

TUSOME CHUPA

Sasa wewe unajua kusoma. Kwenye chupa au boksi kuna maandishi madogo yanayotaja vitu vilivyomo. Mara nyingi ni ya kigeni, lakini herufi ni zile zile ulizojifunza darasani. Huna haja ya kuyajua yote. Tafuta maneno machache tu.

Kwanza ujue kanuni. Vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake. Kilicho kingi huandikwa mwanzo, kilicho kidogo huja nyuma. Ukikuta neno ALCOHOL au ALCOHOL DENAT ni la kwanza au la pili, basi chupa hiyo ina spiriti nyingi. Irudishe kwenye rafu. Ukikuta AQUA la kwanza, hayo ni maji, na GLYCERIN likifuata karibu yake, hiyo ni habari njema. Gilisarini huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. PETROLATUM ni mafuta ya mgando tunayoyajua wote. ALOE BARBADENSIS ni shubiri.

Hapa kuna mtego mmoja. Unaweza kuona CETYL ALCOHOL au CETEARYL ALCOHOL. Usiogope. Majina yanafanana na spiriti lakini vitu havifanani. Hivi ni vitu vizito kama nta, na hulainisha ngozi.

Neno PARFUM au FRAGRANCE maana yake ni manukato. Manukato ni moja ya vitu vinavyoongoza kwa kuwasha ngozi za watu. Mtu anaweza kutumia manukato miaka mingi bila shida, kisha siku moja ngozi ikaanza kuyakataa. Kwangu mimi, anayependa kunukia apulizie shati. Shati halioti vipele. MENTHOL nayo huleta ubaridi kama wa peremende. Watu huupenda ubaridi huo wakidhani ni uponyaji. Ni hisia tu, na kwa ngozi iliyokwisha kuwashwa huongeza kuwasha.

Tazama pia mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa kifuniko. Ndani yake kuna tarakimu na herufi, kwa mfano 12M. Maana yake ni kwamba ukishafungua, kitu hicho kinafaa kwa miezi 12. Na chupa isiyo na maandishi yoyote, au iliyobanduliwa karatasi yake, usiinunue hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

MANENO YA KUKIMBIA

Kuna wanaume ambao ndevu zimewaachia madoa meusi. Huambiwa na rafiki au na muuza duka: "Paka hii, siku tatu tu madoa yanakwisha." Na kweli madoa hupungua upesi. Upesi huo ndio unaotakiwa kukutia shaka.

Ukisoma HYDROQUINONE au MERCURY, hivyo vimepigwa marufuku nchini katika vipodozi. Zebaki hupita kwenye ngozi na huweza kuharibu figo. Hydroquinone ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi mbaya zaidi kuliko ule wa kwanza, na weusi huo ni vigumu kutoka. Ukisoma BETAMETHASONE au CLOBETASOL, hizo ni dawa za hospitali. Mganga huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa siku alizozihesabu. Anayezipaka kila akinyoa, miezi mpaka miezi, ngozi yake huwa nyembamba kama karatasi. Mishipa huonekana, na chunusi humjaa. Akijaribu kuacha, uso huwaka moto, hivyo hurudi kupaka tena.

Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia ubora na usalama wa vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Alama ya TBS kwenye boksi ni jambo la kutafuta, ingawa wadanganyifu nao wanajua kuchapa alama. Bado soma majina.

VITU VYA NYUMBANI

Wengine hujipaka ndimu au limau baada ya kunyoa. Ni kosa kubwa, hasa huku kwetu milimani ambako jua ni kali hata siku ya baridi. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi, kisha jua likapiga, ngozi huungua. Huweza kutoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya wiki nyingi.

Shabu, lile jiwe jeupe, hukausha damu ya mkato mdogo. Si baya. Lilowanishe, gusa mahali penye damu tu, kisha suuza uso. Lakini jiwe moja la kinyozi linalogusa mashavu ya kijiji kizima linabeba damu ya kijiji kizima. Kuwa na lako.

Shubiri ni mmea mzuri kwa kazi hii, lakini uitumie kwa akili. Ukikata jani hutoka kwanza utomvu wa njano, mchungu. Huo huwasha. Simamisha jani mpaka utomvu uchuruzike, osha, menya, kisha tumia ute mweupe wa ndani peke yake. Tumia jani la siku hiyo hiyo, kwa sababu ute uliolala huoza. Tena ziko aina nyingi za shubiri porini, na si zote zinafaa. Kama huijui aina yako, iache.

Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ya bei ndogo, yanawatosha watu wengi. Nawa kwa maji ya baridi, jifute kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua. Uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo sana, kiasi cha punje ya maharagwe kwa uso mzima. Gilisarini pia inafaa, lakini ichanganye na maji na uipake kwenye ngozi yenye unyevu.

Kitu chochote kipya, kijaribu kwanza mkononi. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mahali pale pale, asubuhi na jioni kwa siku saba. Pakiwa pekundu, pakivimba au pakiwasha, usikipeleke usoni.

VIPELE AMBAVYO MAFUTA HAYAVIWEZI

Wengi wetu Waafrika tuna ndevu zilizojikunja. Ndevu ikikatwa chini sana huota ikijipinda, kisha hujichoma tena ndani ya ngozi kama mwiba. Mwili hupigana na mwiba huo, na hapo ndipo kipele hutokea. Hakuna chupa inayoweza kuuondoa mwiba huo. Kinachosaidia ni namna ya kunyoa. Lainisha ndevu kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Fuata njia ambayo ndevu zinalala, usizirudie kinyume. Usivute ngozi. Usikate mpaka chini kabisa. Mashine inayoacha ndevu fupi kidogo ni bora kuliko wembe. Usitumbue vipele kwa kucha. Kama ni vingi, acha kunyoa kwa wiki nne au zaidi, ndevu zipate kuota na kujinyoosha. Kazini watakusema. Waeleze sababu.

Vipele vya kisogoni, chini ya nywele, ni vya kuangalia mapema zaidi. Vikiachwa huungana na kuwa makovu magumu yaliyotuna, na hapo matibabu huwa marefu. Nenda zahanati ukiona usaha, uvimbe unaokua, homa, au kovu linalopanda. Zahanati wakishindwa watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa ya Mount Meru, au KCMC kule Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi. Ukienda, chukua na chupa au boksi la kitu ulichokuwa unajipaka, hata kama unaona aibu. Usiibandue karatasi yake. Mganga ataisoma, na wewe mwonyeshe neno ulilolishuku.