Usalama wa Mgonjwa Huanzia Kaunta ya Kemisti

Mtoto akishikwa na homa Cheptais, Kaunti ya Bungoma, mara nyingi safari ya kwanza ni ya kemisti ya sokoni, si ya hospitali. Kemisti iko karibu, haina foleni ndefu, na dawa hukatwa kulingana na pesa iliyo mkononi. Kwa hivyo anayesimama nyuma ya kaunta ndiye huamua, kwa dakika chache tu, kama mtoto huyo atapona, atacheleweshwa au atadhurika. Hata hivyo, usalama wa mgonjwa ukizungumzwa nchini, tunasikia zaidi habari za misako ya Bodi ya Dawa na Sumu dhidi ya maduka yasiyo na leseni. Misako inahitajika. Lakini kufunga duka haramu hakumfundishi mwenye leseni kuuliza mtoto ana kilo ngapi, na tafiti za magharibi mwa Kenya zinaonyesha kuwa vipimo vinavyotangulia dawa husaidia dawa kumfikia anayeihitaji.

Tuchukue AL, dawa ya malaria. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mkupuo, mara sita kwa siku tatu. Mkupuo wa pili humezwa saa nane baada ya wa kwanza, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kimoja kimoja. Bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa "4x2" haiwezi kubeba maelezo hayo yote. Lazima mtu ayatamke, na amsikilize mama akiyarudia. Na kabla ya hayo kuna swali kubwa zaidi: je, homa hii ni malaria? Ikiwa ni nimonia, AL haitamsaidia mtoto, na siku zitakazopotea ni za hatari.

Watafiti Jessica Cohen, Pascaline Dupas na Simone Schaner walilichunguza swali hilo mwaka wa 2009 katika maduka ya dawa ya Busia, Mumias na Samia. Bei ya dawa ya malaria ilipopunguzwa kwa ruzuku ya zaidi ya asilimia 90, wengi zaidi waliipata, jambo jema kabisa. Ila kati ya walioinunua, asilimia 56 tu ndio waliokutwa na malaria. Ruzuku ilipopunguzwa kidogo, kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 75. Baadaye, katika Bungoma Mashariki na Kiminini, njiani kwenda Kitale, jaribio lililohusisha vitengo 32 vya afya ya jamii lilikwenda mbali zaidi: wahudumu wa vijijini walipima homa bila malipo, na aliyekutwa na malaria akapewa vocha ya kununulia dawa kwa bei nafuu dukani. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa upimaji uliongezeka na dawa zikawafikia zaidi waliozihitaji.

Basi wauzaji nao wafunzwe kuuliza na kupima. Wapo wanaosema kuwa kuwafunza ni kuwahalalisha matapeli. Hofu hiyo ina msingi, lakini Tanzania iliijibu kwa vitendo. Mpango wake wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka wa 2003, na mafunzo, leseni na ukaguzi vilikwenda pamoja. Dawa zisizosajiliwa zikashuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Kilifi nako, wenye maduka walipofunzwa katika miaka ya 1990, watoto wenye homa waliopata dozi kamili ya klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, walipanda kutoka takriban asilimia 4 hadi 65.

Pingamizi zito zaidi ni la biashara. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, muuzaji amepoteza mauzo, na kishawishi cha kumpa mgonjwa antibiotiki ni kikubwa. Tafiti za nchi kadhaa zimebaini kwamba vipimo vya malaria vinapoenea, matumizi ya antibiotiki huwa yanaongezeka. Vocha hailitatui hilo, kwa kuwa humfaidi aliyekutwa na malaria pekee. Kaunti ya Bungoma ingepaswa kulilipa duka ada ndogo kwa kila mgonjwa asiye na malaria anayepelekwa hospitali na barua ya rufaa, na kuhesabu barua hizo hospitalini kabla ya kulipa. Huku mpakani, ambako Lwakhakha iko karibu na wagonjwa huvuka kutoka Uganda, maafisa wa afya wa pande zote mbili wangekubaliana kuitambua barua hiyo.