Mjusi wa Tendaguru arudi? Kweli na uongo kuhusu andiko la msimamo

Mjusi wa kale (dinosaria) aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin ana kimo cha mita 13.27, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Anayetaka kuandika kwamba arudishwe hupewa ushauri mwingi. Tuupime.

"Haki ikiwa wazi, ushahidi wa nini?" Uongo. "Waliiba" ni tuhuma tu, na Mjerumani atajibu kwamba mifupa ilichukuliwa kisheria. Muulize: sheria ya nani? Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Tena uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa, watu wa kusini wakiwa wametoka kwenye njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba. Nani angethubutu kukataa?

"Takwimu zikijaa, hoja imeshinda." Uongo. Mifupa ina umri wa miaka milioni 150 hivi, lakini hilo halimpi mtu umiliki. Enzi hizo hapakuwa na Tanzania wala Ujerumani. Tani zaidi ya 200 zilizobebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi ndizo zenye uzito, kwa kuwa zinaonyesha jasho lilikuwa la nani. Mtaje na msimamizi wa vibarua wa uchimbaji, Boheti bin Amrani.

"Kumtaja mpinzani ni kumpa silaha." Uongo, na ndio unaoua maandiko mengi. Mpinzani atasema hatuwezi kuitunza mifupa hiyo. Kilwa Kisiwani inasaidia kumjibu: UNESCO iliyaingiza magofu yake katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayatoa 2014. Lakini usiuvute ushahidi huo kupita kiasi. Kuta za matumbawe si mifupa, na wafadhili wa nje walichangia ukarabati. Liseme mwenyewe kabla hujaumbuliwa. Kuna na la nyumbani: mwaka 2018 serikali yetu ilitamka kwamba haitadai mjusi arudishwe, ikapendelea ushirikiano. Ukilinyamazia hilo, msomaji makini atalifunga andiko hapohapo.

"Simulizi za wazee si ushahidi." Nusu uongo. Andika jina la msimulizi, kijiji, tarehe, na alisikia kwa nani. Bila hayo ni porojo.

"Omba jambo moja." Kweli kabisa. Fidia, radhi, makumbusho na mjusi mwenyewe, vyote katika ukurasa mmoja, ni manung'uniko. Mimi ningeanza na mifupa iliyo ghalani Berlin, ambayo ni mingi kuliko iliyo kwenye maonyesho: sehemu yake ije Lindi. Hapo hakuna atakayejitetea kwamba tunataka kumbomolea ukumbi wake.