Vuli Barabarani: Kutoka Kiamaiko hadi Maziwa ya Bonde la Ufa

Katika kazi za tafsiri, msomaji wa Kiswahili hukutana na wasafiri wa Ulaya au Marekani wanaopita kwa gari kando ya maziwa ya milimani huku majani ya miti yakigeuka manjano na mekundu. Majira hayo wafasiri wengine huyaita "vuli", wengine "majira ya kupukutika kwa majani". Makala haya yanalipima neno hilo la kwanza kwa kuifuata barabara ambayo mkazi wa Nairobi huweza kuipita katika miezi iyo hiyo ya Oktoba na Novemba, kutoka mtaa wa Kiamaiko hadi Nakuru.

Kiamaiko, jirani ya Huruma katika Eastlands, ni mtaa wa soko la mbuzi na machinjio. Mbuzi wengi huletwa kutoka kaskazini, katika sehemu za Marsabit, Moyale na Isiolo, na kwa hiyo vuli hapa ni suala la riziki. Waborana huziita mvua hizo hagaya. Wakikuyu huzihusisha na mwere, nafaka ya msimu huo. Mvua hizo zilikosekana kaskazini mwaka wa 2020, zikakosekana tena 2021 na 2022, na mifugo ikafa kwa wingi. Hapo ndipo tofauti kubwa inapojitokeza. Majira ya Ulaya hufika kila mwaka, kwa kuwa yanatokana na siku kufupika na baridi kuingia. Vuli yaweza kutofika. Mfasiri anayeandika kwamba "vuli ilikawia" humpa msomaji wa Kiamaiko habari ya njaa, ilhali mwandishi wa awali alikusudia habari ya majani tu.

Msafiri hufuata Barabara ya Juja hadi Pangani, kisha hushika njia ya Waiyaki kuelekea magharibi. Mjini, kinachopukutika wakati huu ni maua ya mijakaranda, nayo hutandaza zambarau kando ya barabara. Limuru hupokea gari kwa ukungu na mashamba ya chai ya kijani kibichi. Baadaye ardhi hukatika ghafla, na Bonde la Ufa huonekana chini, mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776 ukiwa umesimama katikati. (Njia ya chini, ipitayo Mai Mahiu, ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940, kikanisa chao kingali kando ya barabara.)

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kwa hakika linastahili kuitwa ziwa la nyanda za juu. Hapa manjano hayakosekani, lakini hayamo majanini. Yamo katika magome ya migunga iliyozunguka ufuo, na hudumu mwaka mzima. Maji ya mto Malewa na mto Gilgil huingia ziwani, wala hakuna mto unaoonekana kutoka. Hata hivyo maji ni baridi, yasiyo na chumvi nyingi, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi hiyo. Elementaita na Nakuru hupoteza maji kwa mvuke tu. Magadi hubaki, mwani wa buluu-kijani hustawi humo, na heroe huufuata.

Majina ya maziwa haya yametokana na Kimaasai. Naivasha huhusishwa na neno lenye maana ya maji yanayochafuka kwa mawimbi, nayo Elementaita na Nakuru na mahali pa vumbi. Mwaka wa 2011 maziwa hayo mawili, pamoja na Bogoria, yaliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Wakati huo maji yalikwisha kuanza kupanda. Katika miaka iliyofuata, Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la zamani la hifadhi na sehemu ya barabara zake, maji yake yakapungua ukali wa magadi, na heroe wengi wakahamia kwingine. Msafiri afikapo mahali palipoitwa pa vumbi, huona vigogo vya migunga iliyokufa vikiwa vimesimama majini, bila jani hata moja, navyo havikuvuliwa majani na majira yoyote.