Refa akimwonea mwanao uwanjani

Msimu wa mashindano ya shule ukifika, naletewa watoto wenye vifundo vya miguu vilivyovimba, na kabla sijaugusa mguu wazazi wananieleza habari za refa. Alifumba macho. Hakupuliza filimbi. Aliwapendelea wenyeji.

Inawezekana ni kweli. Mechi nyingi za watoto huchezeshwa na mwalimu au kijana anayejifunza kazi, peke yake, bila washika vibendera. Lakini mzazi, tenganisha mambo mawili. Bao lililokataliwa, penalti ya kuzawadiwa, kuotea ambako hakukuwapo: hayo yaache. Sheria ya 5 ya soka inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, na kelele zako hazitaubadili. Zitamwongezea mwanao hasira tu, na mtoto mwenye hasira huingia miguuni kwa mwenzake bila kufikiri. Wote wawili wanaweza kuumia.

Jambo la pili ni rafu za hatari zinazoachwa, hasa za kugongwa kichwa. Hapo usinyamaze. Sheria hiyohiyo inamtaka refa asimamishe mchezo mchezaji akiumia vibaya. Asiposimamisha, mwite kocha umwambie wazi kwamba mtoto anatoka. Aliyegongwa kichwa kisha akaduwaa, akayumba, akaona kizunguzungu au akauliza matokeo mara mbilimbili, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa (na atasema, nani anapenda kukaa benchi?). Akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara, akipata degedege, kichwa kikizidi kumuuma au akiwa mgumu kuamka, mpeleke hospitali mara moja.

Wenzetu wa hoki ya barafu hawakuliacha hili mikononi mwa refa peke yake. Marekani mwaka 2011, na Kanada mwaka 2013, walipiga marufuku kumgonga mpinzani kwa mwili makusudi katika mechi za watoto wa miaka 11 na 12.

Na yule asiyeumia, analia tu kwa kuonewa? Moyo unamwenda mbio, mawaidha hayamwingii. Mpe maji, tembeeni, msiichambue mechi njiani. Jioni muulize yeye aliona nini, umsikilize mpaka amalize. Usimwambie "ni mchezo tu", kwani kwake si mchezo tu.

Refa akiendelea kuruhusu rafu za hatari wiki baada ya wiki, mwone mwalimu wa michezo kesho yake, si palepale uwanjani, ukiwa umeandika tarehe, dakika na kilichotokea. Nendeni wazazi watatu au wanne. Wasipowasikiliza, mimi ningemtoa mtoto kwenye mashindano hayo, hata kama fainali ni Jumamosi.