Fundi wa Kufuli Akiitwa Mwizi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia hapa Kabuga, muhula uliopita maswali ya mtihani wa hesabu yalijulikana kabla ya siku yake. Jioni ile ile jina la mwenzetu mmoja likaanza kutembea bwenini. Hakukutwa na kitu. Ila yeye ndiye ajuaye kompyuta kuliko sisi sote. Mimi nami nilisema, "Nani mwingine?" Baadaye ikabainika kwamba nakala moja ilisahauliwa kwenye mashine ya kunakilia. Ndipo nikaona yafaa nieleze habari za Bwana Brian Krebs wa Marekani.

Bwana huyu aliliandikia gazeti la Washington Post hadi 2009, kisha akaendelea peke yake kufichua wezi wa mitandaoni. Mwaka 2013 mmoja wao, Sergey Vovnenko wa Ukraini, alichangisha fedha kwa wenziwe ili heroini inunuliwe katika soko la siri na kupelekwa kwa posta nyumbani kwa Krebs, katika jimbo la Virginia. Shauri lao lilikuwa kwamba dawa ikifika, polisi wapigiwe simu kana kwamba ni jirani anayetoa habari. Angalieni hila hiyo! Hawakutaka kumpiga, bali kumfanya asisadikike tena. Maana mtu wa kazi hiyo hana mtaji ila kuaminiwa. Tena ajuaye kufungua kufuli hushukiwa upesi kila kitu kinapoibwa.

Lakini Krebs alikuwa akisoma maneno yao mahali pale pale walipopangia. Hakungoja mzigo. Aliwaarifu polisi kwanza, nao wakaandika taarifa yake, hata bahasha ilipowasili ushahidi ulikuwa umekwisha kuitangulia. Maneno yale yale, kama angaliyasema baada ya dawa kuonekana mlangoni, yangalikuwa udhuru tu. Vovnenko alikamatwa Italia mwaka 2014, na mwaka 2017 mahakama ya Marekani ikamfunga miezi 41 kwa wizi wake wa mitandaoni.

Mwenzetu naye alikuwa na ushahidi uliotangulia: daftari la chumba cha kompyuta, ambamo kila aingiaye huandika jina na saa. Wiki ile jina lake halimo. Daftari lilikuwa likining'inia mlangoni kwa kamba siku zote, wala hapana hata mmoja wetu aliyelifungua. Nimekwenda kumwomba radhi, naye amenikubalia, ingawa bado hajarudi kula meza yetu.