Mtoto mchanga hana akiba: safari ndefu ipangwe kwa mwili wake

Kusini magharibi mwa Uganda hazipiti siku nyingi bila familia kuhama zikiwa na watoto wa miezi michache. Zipo zilizovuka mpaka wa Bunagana zikitoka Kongo, zikapumzishwa katika kituo cha Nyakabande wilayani Kisoro, kisha zikapakiwa kwenye mabasi kuelekea kambi ya Nakivale, Isingiro. Zipo nyingine zinazoondoka Nakivale kwenyewe, kutoka Base Camp, Juru au Rubondo, kwenda kutafuta riziki Mbarara mjini, Bwizibwera kwenye barabara ya Ibanda, au hata Kampala, ambayo iko kilomita zipatazo 270 kutoka Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kutembea na kufanya kazi, na wengi wanaitumia. Katika maandalizi, nauli, magodoro na masufuria hufikiriwa mapema. Mtoto hufikiriwa mwisho, kwa kuwa ananyonya, analala, halipi nauli na hadai kiti. Lakini ukiuangalia mwili wake kwa jicho la sayansi, yeye ndiye abiria dhaifu kuliko wote walio ndani ya gari: hana akiba ya maji, hana akiba ya joto, na kinga yake bado ni ya kuazima. Kwa hiyo ratiba ya safari inapaswa kumfuata yeye.

Tuanze na maji. Mtoto anapozaliwa, karibu asilimia 75 ya uzito wake ni maji. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 60. Mtu angedhani basi kwamba mtoto ana maji ya ziada. Kumbe anayapoteza haraka: ngozi yake ni pana ukiilinganisha na uzito wake, anapumua haraka kuliko sisi, na figo zake hazijakomaa kiasi cha kuubana mkojo mwili unapokauka. Mtu mzima asipokunywa kitu tangu asubuhi hadi jioni ataumwa kichwa na kukasirika. Mtoto wa miezi minne akiharisha na kutapika kwa muda huohuo anaweza kufikia hali ya kutishia uhai. Dalili zake zinaonekana kwa macho: nepi imekaa kavu kwa saa nyingi, utosi umebonyea, analia bila machozi, au amesinzia kiasi kwamba hata titi haliamshi hamu. Kinga kuu ni kumnyonyesha mara kwa mara, njiani na kwenye vituo. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 87 hivi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asipewe kitu kingine chochote, hata maji, katika miezi sita ya kwanza, jua liwe kali namna gani. Maji ya kununua dirishani mwa gari hujaza tumbo dogo bila kulisha, na yakiwa machafu huleta kuhara kulekule tunakokuogopa.

Hapo anaingia mama, ambaye mara nyingi husahauliwa. Wanawake wengi hujizuia kunywa maji safarini kwa sababu gari halisimami penye choo. Mwili wa anayenyonyesha hujitahidi kulinda maziwa, lakini yeye mwenyewe hudhoofika, na mama aliyelegea hawezi kumwangalia mtoto ipasavyo. Kituo chenye choo na maji ya kunywa ni haki ya watu wawili kwa mpigo. Kwa mtoto anayetumia maziwa ya unga, kosa la kawaida ni kuyakoroga nyumbani alfajiri na kuyabeba kwenye chupa hadi mchana. Maziwa yaliyokorogwa yakikaa kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili yanapaswa kumwagwa, maana bakteria huzaliana humo upesi. Njia salama ni kubeba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai na unga kwenye chombo kikavu, kukoroga pale tu mtoto anapotaka kunywa, na kuyapoza kwanza kabla ya kumpa.

Joto ni jambo la pili, na barabara za huku zinalibadilisha mara kadhaa kwa siku moja. Kisoro iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara inapanda zaidi ya mita 2,000 kwenye milima ya kuelekea Kabale, kisha inateremka taratibu hadi nyanda za Isingiro ambako mchana jua huwaka. Mtoto aliyefungwa blanketi tatu asubuhi kwenye ukungu wa Kisoro anaweza kuwa bado amefungwa hizohizo saa nane mchana. Yeye hawezi kujifunua, na hajui kutoka jasho vizuri kama mtu mzima. Angalia teksi inayosubiri kujaza abiria kwenye stendi ya Mbarara: madirisha yamefungwa kwa kuhofia upepo, injini imezimwa, mtoto yuko mapajani amefunikwa kitambaa hadi usoni. Watafiti wa Marekani walipima magari yaliyoegeshwa juani na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Waligundua kwamba ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi, hata siku ambazo nje hakukuwa na joto kali, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia sana. Ni kweli kwamba teksi ina watu na mlango wake hufunguliwa, lakini fundisho ni lilelile: subiri kivulini, nje ya gari, hadi liwe tayari kuondoka. Pima joto la mtoto kwa kumgusa kifuani au shingoni, kwa kuwa mikono na miguu yake huwa baridi hata akiwa mzima. Na kwenye baridi ya mlimani, kinachompasha kuliko blanketi zote ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, uso wake ukiwa wazi.

Wapo wazazi wanaotatua usumbufu wote huu kwa kijiko cha dawa ya maji ya mafua au mzio, mtoto alale hadi mwisho wa safari. Hili ni kosa la hatari. Baadhi ya dawa hizo zina promethazini, ambayo haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua hadi akafa. Usingizi wa dawa pia huficha dalili zote tulizozitaja: mtoto aliyelazwa kwa nguvu hatalilia titi wala kulalamikia joto. Wengine hutoa dawa wakidhani wanazuia kutapika kwa mwendo wa gari. Lakini kichefuchefu cha safari ni nadra kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Mtoto mchanga akitapika mfululizo garini, usiwalaumu dereva na kona zake. Mchukulie kama mgonjwa. Hata usingizi wa kawaida unahitaji jicho, kwa sababu shingo yake haina nguvu. Kidevu kikilalia kifua, njia ya hewa hubanwa kimyakimya, awe mgongoni, mapajani au kwenye kiti chake.

Kuna hatari ya tatu ambayo wengi huikabidhi kwa Mungu peke yake, nayo ni ajali. Ripoti ya Polisi ya Uganda ilihesabu vifo 4,806 barabarani mwaka 2023. Imani ya mzazi ni kwamba mikono yake itamshika mtoto, na hesabu ndogo ya fizikia inaivunja. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 6 anarushwa mbele kwa nguvu ya mzigo wa kilo 120 hivi, zaidi ya gunia zima la mahindi. Hakuna mkono unaoweza kulizuia gunia hilo. Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa zaidi ya nusu, na mwenye gari binafsi hana udhuru wa kutokuwa nacho. Katika basi na teksi, ambako kiti hicho hakipo, kinachobaki ni kupunguza hatari: kusafiri mchana, kukaa safu za katikati na si mbele karibu na dereva, mzazi kujifunga mkanda pale ulipo, na kamwe kutomfunga mtoto ndani ya mkanda mmoja na mtu mzima, kwani uzito wa mkubwa utamponda. Boda boda kwa masafa marefu si chombo cha mtoto mchanga, amebebwa mbele au nyuma.

Jambo la nne ni akiba ya kinga inayokosekana, na hapa ndipo safari huendelea hata baada ya mizigo kushushwa. Katika miezi ya kwanza mtoto hutumia kingamwili alizopewa na mama tumboni. Mama aliyeishi milimani, ambako malaria ni chache, ana kingamwili chache za malaria za kumrithisha mwanawe. Familia hiyo ikihamia karibu na ziwa Nakivale na mabwawa yake, mtoto anakutana na mbu akiwa karibu mikono mitupu. Vimelea vya malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa hadi homa kuanza. Ndiyo maana homa ya wiki ya pili baada ya kufika, ambayo majirani huiita uchovu wa safari, inapaswa kupimwa damu siku hiyohiyo. Dawa nzuri ipo: utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Mbarara ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha kwamba artesunate ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 kuliko kwinini. Lakini dawa humfaa aliyefikishwa mapema. Tangu Aprili 2025 Uganda inatoa pia chanjo ya malaria katika wilaya nyingi, kwa dozi za miezi 6, 7, 8 na 18. Dozi nne zilizotawanyika hivyo ni rahisi kupotea kwa mtoto anayehama, sawa na zile za chanjo za kawaida za wiki 6, 10 na 14. Kadi ya chanjo basi isafiri mwilini mwa mzazi, isiingie kwenye gunia la vyombo. Dozi iliyochelewa haimaanishi kuanza upya. Mhudumu huendelea pale ilipoishia. Na mtoto aliyechanjwa surua mapema, akiwa na miezi sita, kwa sababu ya dharura ya ukimbizi, bado anahitaji ile ya miezi tisa.

Atasema mtu kwamba bibi zetu walivuka milima na watoto mgongoni, bila haya yote, na tukazaliwa sisi. Hoja hii ina uzito, ila inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Mtoto wa mgongoni aliongoza mwendo. Akilia, mama alisimama. Jua likiwa kali, alikaa chini ya mti. Akipoa, mgongo ulihisi. Gari ndilo lililomnyang'anya mtoto uwezo huo wa kusimamisha safari, kwa kuwa sasa usukani ni wa mtu asiyemhisi. Isitoshe, sisi tunaosimulia ni wa wale waliofika. Watoto waliozikwa njiani hawakuacha wajukuu wa kusimulia.

Wengine watasema ushauri huu ni wa wenye fedha: mkimbizi aliyepunguziwa chakula atapata wapi fedha za kulala njiani ili asafiri mchana tu? Ni kweli umaskini hubana. Lakini tukihesabu, mengi tuliyoyataja hayana bei. Kunyonyesha, kusubiri kivulini, kumvua blanketi moja, kukataa dawa ya usingizi, kuiweka kadi kifuani: yote ni bure. Ghali ni kulazwa hospitali. Kilichobaki si mzigo wa mzazi peke yake. Msafara unaotoka Kisoro unaweza kupangiwa vituo vya kila saa mbili penye choo na maji, na kondakta wa Mbarara anaweza kuombwa asimame vivyo hivyo kabla ya nauli kulipwa, wakati abiria bado ana sauti. Hoja ya mwisho ni kwamba watoto wengi husafiri na kufika salama. Wengi, ndiyo. Ila wale wachache wasiofika salama hawatabiriki kwa sura zao, na tahadhari huchukuliwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo mpango wa safari uandikwe ukianzia kwa mtoto: ana umri gani, ananyonya kila baada ya muda gani, chanjo ipi inafuata na lini. Mtoto mwenye homa, anayeharisha au anayekataa titi hasafiri hadi apimwe. Akipata degedege, akatapika kila kitu au akashindwa kunyonya njiani, familia ishuke kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama nauli imeshalipwa hadi mwisho. Na wakifika, iwe Juru au Bwizibwera, usiku wa kwanza alale ndani ya chandarua, na ndani ya wiki hiyo apelekwe kliniki na kadi yake akiwa bado mzima. Bwizibwera kuna kituo cha afya cha ngazi ya nne, na Nakivale ina vituo vyake. Mhudumu anayemjua mtoto akiwa mzima atamtambua haraka akiugua, na kwa mwili usio na akiba, haraka hiyo ndiyo tofauti kati ya kutibiwa na kuchelewa.